Mgeni Njoo: shajara ya vipindi sita

3 Mei

Tumeanza. Mradi ushapata jina, Mgeni Njoo, na una watu watatu: mimi, binamu yangu fundi wa sauti, na mwalimu mmoja wa historia anayefundisha shule ya upili hapa kisiwani Mombasa. Tunatengeneza vipindi sita vya kusikiliza kwenye simu, nusu saa hivi kila kimoja, kuhusu filamu za wavamizi kutoka angani. Swali letu ni moja: watu waliopanga foleni kuzitazama walikuwa wakiogopa nini huko nje ya mlango wa sinema?

Studio ni chumba cha juu nyumbani kwa ami, Kibokoni. Tumeegemeza magodoro mawili ukutani na kutundika blanketi mlangoni. Binamu alisimama katikati, akapiga kofi moja, akatega sikio. "Bado chumba chalia," akasema. Akashuka chini, akarudi na godoro la tatu. Lilikuwa bado na joto. Ami hajaambiwa.

Jina lilitugombanisha saa nzima. Mwalimu alitaka tuseme "viumbe wa anga za mbali", kwa kuwa mgeni kwa Mswahili ni mtu wa kutandikiwa jamvi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia ndiyo sababu nalitaka neno hilo, tuone litavumilia mpaka wapi. Isitoshe, "anga za mbali" ni maneno marefu kwa mtu anayesikiliza ndani ya matatu.

Mchana mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni kulinganisha makaratasi na makontena. Basi nimefanya nilichozoea: nimechora jedwali kwenye karatasi ya manila. Safu ya kwanza mwaka, ya pili filamu, ya tatu hofu. 1951, bomu. 1956, ukomunisti. 1978, serikali yenyewe. 1996, ulimwengu uliokosa adui. 2005, magaidi. Nimelibandika juu ya godoro la ami. Limenyooka mno, kama hesabu za duka siku mkaguzi anapotarajiwa.

9 Mei

Kipindi cha kwanza kimerekodiwa, na jedwali limeshapata doa.

Mambo ya nyuma yalikuwa rahisi kueleza. Agosti 1949 Warusi walilipua bomu lao la kwanza la atomiki. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy alidai ana orodha ya wakomunisti waliojipenyeza katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Juni mwaka huo huo vita vya Korea vikaanza. Halafu, 1951, ikaja The Thing from Another World. Wanajeshi kwenye kambi ya barafuni, kaskazini kabisa, wanachimbua dude lililoganda karibu na chombo chake. Mwanasayansi anataka kuzungumza nalo, linamsukumia mbali. Wanajeshi wanaliunguza kwa umeme, na mwandishi wa habari anamalizia kwa kuwaonya watu redioni waendelee kutazama juu. Mpaka hapo safu yangu ya tatu ilikuwa inacheka.

Lakini mwaka ule ule, nchi ile ile, ilitoka The Day the Earth Stood Still. Chombo kinatua Washington mchana kweupe. Mgeni anashuka, anatoa kitu kifuani, na askari mmoja aliyeingiwa na kiwewe anakifyatulia risasi na kumjeruhi mwenyewe. Kitu kile kilikuwa zawadi ya rais.

Kila hati huwa namsimulia nyanya yangu kwanza. Hajaziona filamu hizi, wala hana haja nazo, lakini akichoka huwa anasema "haya, haya" mara mbili, nami hujua pale pa kukata. Safari hii alikuwa na uteo magotini akichambua mchele, na hakusema "haya" hata mara moja.

"Kapigwa akitoa zawadi?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na mwenye nyumba alikuwa wapi?"

Nikamwambia rais haonekani kabisa kwenye filamu, anatumwa katibu wake tu.

"Basi ndilo kosa lenyewe. Mgeni kapokewa na bawabu."

Nimeiweka hiyo kwenye kipindi, kwa sauti yake. Binamu alimwekea maikrofoni karibu na uteo, kwa hiyo mchele unasikika ukirushwa chini ya maneno yote. Hatukuuondoa.

15 Mei

Mvua imeharibu jioni tatu. Paa letu ni la mabati, na masika ya mwaka huu hayaulizi mtu ana kazi gani. Jana tukarekodi saa nane za usiku, kimya kikatupa, tukamaliza, kisha memori kadi ikagoma kufunguka. Dakika 28 zimekwenda. Binamu hakusema kitu, alivua viatu akalala pale pale kwenye godoro la ami.

Tumerudia leo, na nadhani kimekuwa bora. Ni Invasion of the Body Snatchers ya 1956, iliyoongozwa na Don Siegel. Hapa sitaki kwenda mbio.

Daktari anarudi kwenye mji wake mdogo, Santa Mira, huko California. Mtoto anakimbia akilia kwamba mama yake si mama yake. Mwanamke mmoja anasema ami yake si ami yake: uso ule ule, kovu lile lile, anakumbuka mambo yote ya utotoni, ila kuna kitu machoni kimeondoka. Baadaye daktari anagundua maganda makubwa, kama ya mboga, yanayokuza nakala ya kila mtu anapolala. Ukipitiwa na usingizi, umekwisha. Hakuna bunduki, hakuna chombo kinachoonekana angani. Majirani wanakutana uwanjani asubuhi kama watu wanaokwenda sokoni, na kwenye malori kuna maganda ya kupeleka miji mingine.

Jedwali langu lilisema "ukomunisti", na wengi ndivyo walivyoisoma: watu wasio na hisia, wote sawa, wanaofanya kazi ya kundi. Wengine wameisoma kinyume kabisa. Wanasema yale maganda ni Wamarekani wenyewe wa enzi ya McCarthy, majirani waliochongeana, waandishi na waigizaji walionyimwa kazi Hollywood kwa kuwa jina lao liko kwenye orodha. Filamu inazibeba tafsiri zote mbili bila kuyumba. Halafu studio ikaona mwisho wake unatisha mno, ikaongeza mwanzo na mwisho mpya ambamo daktari hatimaye anaaminiwa na simu inapigwa kwa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Mwalimu aliangua kicheko hapo. Nchi inayoogopa majirani wanaochungulia, inapewa faraja ya kuwapigia simu wachunguliaji wakuu.

Kuna kipande kimoja nimekitazama mara sita. Daktari na mpenzi wake wamegundua kwamba njia pekee ya kupita barabarani ni kujifanya wamekwisha kubadilishwa: tembea polepole, usitabasamu, usishtuke. Wanafaulu. Mbwa anaingia barabarani, lori linamjia, na mwanamke anapiga kelele. Basi. Kelele moja tu kwa ajili ya mbwa, na mji mzima unageuka kuwatazama.

Nilipomsimulia nyanya, alinyamaza, kisha akasema: "Sisi tulikuwa na mumiani."

Nilijua neno, kila mtoto wa Pwani analijua, lakini hakuwahi kunisimulia kwa mpangilio. Alipokuwa msichana, kabla ya uhuru, waliambiwa wasipite karibu na gari la zimamoto ikifika magharibi. Kwamba gari lile jekundu halikuwa la kuzima moto, lilikuwa la kukusanya watu, watolewe damu ikatengenezewe dawa. "Na aliyekuwa akikukamata hakuwa Mzungu," akasema. "Alikuwa mtu kama wewe, kavaa sare."

Mwalimu alikaribia kuruka. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huu wa Afrika Mashariki, kilitoka 2000. Hoja yake ni kwamba usiulize kama damu ilitolewa kweli. Uliza watu walikuwa wanasema nini kuhusu serikali ya kikoloni waliposimulia hivyo, kuhusu sare, hospitali, mashine zisizoeleweka, na mwenzako aliyeajiriwa upande wa pili. Unguja na Pemba nako, mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku, aliwatoa watu vyumbani wakalala nje makundi makundi wakiwasha moto.

Nimeongeza mstari kwenye jedwali, kwa kalamu nyekundu: mumiani. Haina mwaka, kwa hivyo nimeiandika pembeni, inapita chini ya zote.

22 Mei

Leo tumerekodi nje, Ngomeni (Fort Jesus). Ilikuwa kazi, upepo wa kusi umeanza kuingia na unavuma moja kwa moja ndani ya maikrofoni. Binamu alivua soksi yake (safi, anaapa) akaivisha maikrofoni.

Kipindi ni cha asili ya hadithi zote hizi, riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds. Ilianza kutoka kwa sehemu gazetini 1897, ikawa kitabu 1898. Wamarihi, viumbe wa sayari ya Mirihi, wanatua karibu na London wakiwa na mashine za miguu mitatu na miale ya moto, jeshi kubwa kuliko yote duniani linayeyuka, na mwishowe wavamizi wanauawa na vijidudu. Kawaida husemwa ni hofu ya Waingereza kwa Ujerumani, na ni kweli siku hizo Uingereza kulikuwa na riwaya nyingi za uvamizi wa majirani. Lakini Wells mwenyewe, sura ya kwanza kabisa, anawauliza wasomaji wake kabla ya kuwahukumu Wamarihi wakumbuke wenyeji wa kisiwa cha Tasmania, ambao anasema walifutwa na walowezi wa Kizungu kwa muda wa miaka 50. Yaani: leo tuwe sisi upande wa kupigwa.

Nikamwomba mwalimu anitajie tu yaliyokuwa yakitokea hapa wakati ule. Alisimama kwenye ukuta unaotazama bahari, akahesabu kwa vidole. 1895, Waingereza wanatangaza himaya yao Afrika Mashariki, na Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi anaingia msituni kupigana nao. Aprili 1896 anavuka mpaka na watu wake, anajisalimisha kwa Wajerumani. Mei 30 mwaka huo reli ya kwanza inalazwa hapa Mombasa. Agosti 27, Zanzibar, manowari za Kiingereza zinalipiga jumba la sultani kwa mabomu. Imezoeleka kuitwa vita vya dakika 38, na waliokufa au kujeruhiwa upande wa jumba ni karibu watu 500. Miezi minane baadaye Wamarihi wakaanza kutua gazetini.

Sisemi Wells alikuwa akiitazama Zanzibar alipoandika. Nasema msomaji wa gazeti London angeweza kusoma habari zote mbili kwenye kiti kimoja, na moja tu ndiyo iliyomnyima usingizi.

Kisha mwalimu akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa muhtasari wa barua. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na meli zake, akauteka mji huu, akaupora, akauchoma. Baada ya Wareno kuondoka, mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi, na barua imehifadhiwa ndani ya masimulizi ya safari ile. Anamwarifu kwamba bwana mkubwa amepita mjini akiuteketeza. Kwamba hakumhurumia mwanamume wala mwanamke, mzee wala kijana wala mtoto mchanga. Kwamba uvundo wa maiti ni mkali hata yeye hathubutu kuingia mjini mwake.

Miaka karibu 400 kabla ya Wamarihi, hiyo. Na anayeandikiwa ni mfalme wa Malindi, aliyewapokea Wareno tangu Vasco da Gama alipofika 1498, akawapa na rubani. Mwalimu alisoma taratibu, soksi ikapepea, watoto wa shule waliokuja kuzuru wakawa wanapanda juu ya mizinga nyuma yetu. Katika rekodi kuna mmoja anapiga "Buum!" karibu na maneno "mtoto mchanga". Nilitaka turudie. Binamu akakataa katakata.

Niliandaa pia kipande cha redio, ile tamthilia ya Orson Welles ya Oktoba 30, 1938, inayodaiwa kuwatimua Wamarekani majumbani kwa hofu. Nilikuwa nimeipamba vizuri, watu wakikimbia ovyo barabarani. Mwalimu akanirudisha chini: waliosikiliza walikuwa wachache, na hofu ile ilikuzwa na magazeti yaliyokuwa na wivu kwa redio iliyokuwa ikiwala matangazo. Nimekata dakika nne. Zinaniuma.

27 Mei

Kipindi cha nne, kifupi. Filamu mbili tu. Ile ya maganda ilitengenezwa upya 1978, imehamia San Francisco, miaka minne baada ya Rais Nixon wa Marekani kujiuzulu kwa kashfa. Safari hii hakuna FBI ya kupigiwa simu kwa kuwa kila unayempigia ameshakuwa ganda, na opereta anajua jina lako kabla hujalitaja. Halafu They Live ya John Carpenter, 1988, ambamo kibarua asiye na kazi anavaa miwani fulani ya jua na kuona mabango yote ya biashara yamebeba amri: tii, nunua, oa, zaa. Nimeitazama hii kisha nikashuka kununua mkate. Kutoka nyumbani hadi dukani nimehesabu matangazo saba ya michezo ya kubahatisha. Sikuhitaji miwani.

2 Juni

Tumerekodi kipindi cha tano Lighthouse, kando ya bahari, jioni, kati ya wauza mihogo. Nililitaka eneo lile kwa sababu moja. Ukikaa kwenye ukuta pale, meli ya makontena inayoingia Kilindini haionekani kama chombo, inaonekana kama jengo lililoamua kuhama. Inaziba jua. Watu wanaacha kutafuna. Mimi najua ndani mna nini, mara nyingi ni vigae na matairi, na karatasi zake nimezigonga mihuri, na bado shingo husisimka.

Ndiyo Independence Day, 1996. Vyombo vipana kuliko miji vinasimama juu ya Washington, New York na Los Angeles, kivuli kinatambaa juu ya nyumba, kisha Ikulu ya Marekani inalipuliwa. Urusi ya Kisovieti ilikuwa imevunjika 1991 na Hollywood haikuwa na adui wa kumkodi. Ronald Reagan alishaota hivyo mapema: Septemba 1987, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, alisema tofauti za mataifa zingetoweka upesi kama dunia ingevamiwa kutoka nje. Filamu ikamtimizia, isipokuwa umoja wenyewe unaongozwa kutoka chumba kimoja cha Wamarekani, na ulimwengu mwingine unasubiri simu. Sisi Waafrika tunaonekana karibu na mwisho, tumeshika mikuki, tunashangilia chombo kilichoanguka. Sekunde chache. Muuza mihogo aliposikia hivyo aliuliza, "Mikuki ya nini na vita vishakwisha?" Limebaki ndani.

Niliiona filamu hiyo nikiwa na miaka tisa, kwenye kibanda cha video Likoni, 1997. Nakala ya kanda ilikuwa imenakiliwa tena na tena hata miale ya kijani ilikuwa kijivu. Tulipiga makofi Ikulu ilipolipuka. Tulipiga makofi kila kitu kilipolipuka.

Halafu 2005, Steven Spielberg anarudia kitabu cha Wells. Wakosoaji wote wameandika juu ya Septemba 11, 2001, na wana haki: mashine zinatoka ardhini zilikokuwa zimefukiwa zikingoja, msichana mdogo anauliza kama ni magaidi, na baba anarudi nyumbani kafunikwa vumbi la watu waliogeuzwa majivu, anakwenda kwenye kioo, hajijui. Hapo nilipokuwa nasoma hati, mwalimu alinizuia. "Vumbi hilo sisi tuliliona kabla yao." Agosti 7, 1998, Nairobi, bomu la ubalozi wa Marekani. Watu 213 walikufa, wengi wao Wakenya waliokwenda kazini tu, na magazeti yetu yalijaa watu weupe kwa vumbi wakitembea bila kujua waendako. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mita mia chache kutoka pale. Ameongea dakika tisa bila kusimama, na meli ikapita nyuma yake ikipiga honi. Hatuna la kuhariri.

8 Juni

Kipindi cha sita, ambacho nilidhani ndicho rahisi.

District 9 ya Neill Blomkamp, 2009. Chombo kinasimama juu ya Johannesburg 1982. Waliomo hawakuja kuteka kitu, wana njaa na ni wagonjwa. Wanashushwa, wanawekwa kambini, kambi inakuwa kitongoji cha mabati, na wenyeji wa rangi zote wanawaita kamba, kama wa kuliwa. (Nyanya: "Kamba wa nazi?" Nikasema siyo hao.) Jina la filamu linaigonga District Six ya Cape Town, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa eneo la Wazungu peke yao na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa. Na ilipigwa picha Soweto mwaka 2008, mwaka ambao Mei yake watu wa nchi nyingine za Afrika walishambuliwa na kuchomwa katika vitongoji vya Johannesburg. Tena filamu yenyewe haina mikono safi: inawaonyesha Wanijeria kama wahalifu wanaokula viumbe hao, na serikali ya Nigeria ilitaka iondolewe kwenye majumba ya sinema.

Kinachonikamata mimi, kwa kazi yangu, ni fomu. Afisa mwenye sweta anakwenda mlango hadi mlango na ubao wa kuandikia, anawataka viumbe watie sahihi kwamba wamearifiwa watahamishwa. Mmoja anapiga karatasi kwa kucha, inapata alama. Afisa anafurahi: hiyo inatosha kuwa sahihi.

Kwa Kiingereza, kitambulisho cha mgeni anayeishi Kenya kimezoeleka kuitwa "alien card", na "alien" ndilo neno lile lile wanaloitwa viumbe wa filamu hizi. Wamakonde wa Kwale, watu wenye asili ya Msumbiji ambao babu zao waliletwa mashambani na wazazi wao wakazaliwa humo humo, walikaa miongo bila kitambulisho chochote, mpaka Oktoba 2016 walipoamua kutembea kwa miguu kwenda Nairobi. Niliandika hilo likatiririka vizuri. Kisha nikaandika sentensi iliyofuata, nikasimama hapo na nimesimama hadi sasa, saa saba usiku.

Mwaka niliopiga makofi kwenye kibanda cha video ndio mwaka wa Likoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, kisha zikaanza siku za kuwatafuta watu wa bara. Vilikuwa vimesambazwa vikaratasi vya kuwaambia warudi kwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa, makumi ya maelfu wakahama, uchaguzi ukiwa Desemba. Baadaye tume ya Jaji Akiwumi ilikaa kusikiliza. Hakuna chombo kilichotoka angani. Neno tulilolitumia lilikuwa hilo hilo la jina la mradi wetu, na tulilitamka kwa lafudhi nzuri kabisa.

Nimelibandua jedwali. Limeng'oa na rangi ya ukuta, ami ataongeza kwenye deni.

16 Juni

Kituo kimoja cha redio kilichosema kitarusha vipindi vyote sita kimesikia cha mwisho. Wanaomba tuondoe dakika kumi za Likoni, "tubaki kwenye sinema". Hawakuwa wakali, walituagizia na chai. Nimewauliza kama ya Nairobi 1998 nayo iondoke. Hapana, hiyo ni nzuri sana. Ya Johannesburg? Nzuri pia. Mwalimu alitaka tukubali kwa vitano, tukihifadhi cha sita kwenye simu tu. Binamu hataki. Tumelala hatujaelewana.

Jioni nikamwendea mama anayeuza mboga pembezoni mwa barabara yetu. Alikuwa jirani yetu Likoni. Walihama wiki ile, wakarudi mwaka uliofuata, akavuka kuja kuanza upya huku kisiwani. Nimekula sukuma wiki yake maisha yangu yote na sijawahi kumuuliza. Nilimweleza mradi, maganda, mbwa, kila kitu. Akaendelea kukatakata. "Nitakuja Jumapili," akasema. "Lakini usiniweke jina."

21 Juni

Amekuja na leso nzuri na mfuko wa nyanya za nyumba nzima. Nyanya yangu alimpandia ngazi kumsalimia, jambo asilomfanyia mtu. Wakashikana mikono kwa muda, wakaulizana habari za watoto kwa majina.

"Hiyo kitu inanasa sasa?" ndiyo sentensi yake ya kwanza kwenye rekodi. Binamu alinitazama: ngeli. Mkono wake ulikuwa tayari kuandika dakika ya kukata. Nikatikisa kichwa.

Alisimulia taratibu. Kwamba walitoka alfajiri, yeye na binti wa miaka saba, furushi moja, kuja kupanda feri. Kwamba bintiye alizaliwa hapa na aliongea kama sisi. Kwamba njiani kulikuwa na vijana wamesimama, hakujua ni wa upande gani, na hakutaka kujua.

"Nilinyamaza kutoka kwa nyumba mpaka ng'ambo. Mtoto ndiye aliongea. Akiulizwa, anajibu. Mimi nafanya kama bubu. Nilikuwa naomba tu asikanyagwe, asianguke, nisije nikaita jina lake."

"Jina lake lingekujulisha?"

"Jina, na vile ningeliita."

Nyanya alikuwa amekaa mlangoni chini ya blanketi, hakusema "haya".

Dakika 41, sauti safi. Kwenye dakika ya 12 kuna adhana ya magharibi, yeye mwenyewe alinyamaza mpaka ikaisha, tumeiacha yote. Redio tumewajibu: sita au hakuna. Kesho mwalimu anaandika utangulizi upya, binamu anapunguza mvumo wa feni. Mimi narudisha godoro la ami.